UZI: Mtoto aliyeumizwa akikua akaumiza watu, anatibika?

#1 Mwana wa Mtopanga
Salaam. Nina jambo, naomba mnisome mpaka mwisho.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dadangu, anatoka bostali, ile jela ya vijana, Ijumaa ya wiki ijayo. Aliingia ana miaka 15, sasa 18. Alikuwa na kundi la vijana wa mapanga huku Kisauni. Wakamvamia mtu usiku, wakachukua simu, yule mtu akakatwa mkono. Yeye hakushika panga, lakini alikuwepo na hakatai.

Juzi tumekaa kikao cha familia. Ami yake akasema damu ya huyu ni mbaya, hata akipelekwa wapi hatibiki, na nikimrudisha nyumbani nisije kulia. Halati yake akasema la, ni yale aliyotendewa. Na alitendewa wallahi. Babake wa kambo alikuwa akimfungia nje usiku, mtoto wa miaka sita, analala kibarazani. Nilipomchukua alikuwa na miaka tisa. Alikuwa akila ameuzungusha mkono wa kushoto kwenye sahani, na asubuhi nikitandika kitanda nakuta kipande cha chapati chini ya mto, kimekauka kama ubao. Sikumpiga kwa hilo. Lakini pia sikumuuliza.

Sasa nauliza wenye elimu na wenye uzoefu. Ni kweli aliyeumizwa utotoni ndiye huwa mkatili? Na hizi tiba za mazungumzo kwa waliokosa, zinafanya kazi au ni maneno?

#2 Nahodha wa Kibokoni
Pole ndugu yangu. Lakini hii habari ya "aliumizwa" mimi siiafiki. Chuoni nimekula bakora za maalim mpaka nikazihesabu kwa Kiarabu. Nyumbani nako mkanda. Leo nina watoto wanne na kisu nakamata nikipasua samaki tu. Kama kila aliyepigwa angekuwa mwizi, Mombasa nzima ingekuwa ndani. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

#3 Mwanafunzi wa Saikolojia
Uzi mzuri. Utafiti unaotajwa sana ni wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani. Matokeo ya kwanza yalitoka 1998, na jumla ya waliohojiwa kule San Diego ni zaidi ya 17,000, wote watu wazima. Waliulizwa ya utotoni: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa, kutelekezwa, mzazi mlevi au mfungwa, mama kupigwa mbele ya mtoto. Waliokuwa na mambo manne au zaidi, hatari yao ya ulevi, dawa za kulevya, sononi na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 ya wasiokuwa na hata moja. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, utoto unaamua.

#4 Muuguzi wa Zamu
#3 taratibu mwanangu. Ule ulikuwa utafiti wa afya, haukuwa wa uhalifu. Na Anda mwenyewe mwaka 2020 aliandika kuonya kwamba ile hesabu isitumike kumtabiria mtu mmoja mmoja. Inasema habari za umati. Haimsemi mpwa wa mleta uzi.

#5 Bint Majengo
Nahodha, bakora za chuo na kufungiwa nje una miaka sita si kitu kimoja. Wewe ulichapwa, jioni ukarudi kwa mtu aliyekupakulia. Huyu alikuwa akiogopa hao hao wa kumpakulia.

Halafu tusijidanganye kwamba huku kwetu ni mambo ya wachache. Uchunguzi wa taifa uliofanywa 2010 kuhusu ukatili kwa watoto Kenya ulihoji vijana wa 18 hadi 24. Waliosema walipigwa kabla ya kufika 18 walikuwa 73 kwa mia kwa wavulana na 66 kwa mia kwa wasichana. Waliofanyiwa ukatili wa kingono, 32 kwa mia wasichana na 18 kwa mia wavulana. Hao wavulana 18 wako wapi? Nani amewahi kusikia mwanamume wa Mombasa akisema hilo kwenye baraza?

#6 Nahodha wa Kibokoni
Bint Majengo, hilo la mwisho limenikalia. Lakini hesabu yako inanitetea mimi: 73 kwa mia walipigwa, na 73 kwa mia si majambazi.

#7 Mwanafunzi wa Saikolojia
Nimekubali kusahihishwa na Muuguzi. Nimerudi kusoma, na ulio karibu zaidi na swali ni wa Cathy Spatz Widom, 1989. Alichukua watoto 908 ambao mahakama ilithibitisha kati ya 1967 na 1971 kwamba waliteswa au walitelekezwa, akawalinganisha na 667 wa rika lao ambao hawakuwa na kesi hizo. Waliokuja kukamatwa wakiwa bado watoto ni 26 kwa mia upande wa kwanza, 17 kwa mia upande wa pili.

Hatari imepanda, hilo halina ubishi. Lakini karibu watatu kati ya wanne walioteswa hawakukamatwa utotoni. Nahodha ana haki yake, na halati naye ana haki yake. Na waliotelekezwa tu bila kupigwa, nao hatari yao ilipanda. Hapa ndipo nilipokumbuka kile kibaraza.

#8 Kovu la Bega
Nimesoma kimya, sasa niseme.

Mimi nilikatwa. Si na huyo mpwa, ni miaka mingine, njia ya Mishomoroni, saa mbili usiku, natoka kazini. Begani mpaka hapa chini ya kwapa. Mpaka leo mkono wa kulia siwezi kuunyanyua nikafunga kamba ya nguo. Mke wangu ndiye huanika. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nyuma yangu, magoti yanalegea.

Hakuna aliyekuja kuniuliza kama nahitaji tiba ya mazungumzo. Nilishonwa, nikapewa dawa za maumivu, nikaambiwa nirudi siku ya nyuzi. Sasa nasoma humu nyuzi za huruma kwa aliyeshika panga. Huruma nami ninayo, lakini foleni inaanzia wapi?

#9 Mwana wa Mtopanga
Kovu, pole sana kaka. Sina jibu. Yule aliyeumizwa siku ya kina mpwa wangu nimekwenda kumuona mara mbili. Mara ya pili mkewe alinifungulia, akanitazama, akafunga. Sikumlaumu.

#10 Kijana wa Bandarini
Mnazunguka bure. Wanasayansi walishapata jeni ya ukatili kitambo. Mtu huzaliwa nayo. Ami yake kasema kweli.

#11 Muuguzi wa Zamu
Bandarini, umeusikia nusu. Ni utafiti wa Avshalom Caspi na Terrie Moffitt, 2002, kwa wanaume waliofuatiliwa tangu kuzaliwa katika mji wa Dunedin, New Zealand. Waliangalia jeni iitwayo MAOA. Wenye jeni hiyo dhaifu ambao hawakuteswa utotoni hawakuwa na shida ya pekee. Wenye jeni hiyo na pia wakateswa, ndio waliozidi kuwa wakorofi na wakatili. Maana yake ile mbegu ilingoja ardhi. Ukitaka kumshika ami kwa utafiti huo, utashika na babake wa kambo pamoja.

Na kwa kuwa nimeingia, niseme kuhusu "hatibiki". Nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi huku pwani. Watu huchanganya vitu viwili. Kuna maradhi ya akili yanayomjia mtu, jana hakuwa hivi, leo anasikia sauti. Na kuna tatizo la haiba: namna mtu alivyojengeka kuhisi, kuamini watu, kuzuia hasira, tangu ujana. Hilo halina sindano. Liko la aina nyingi. Mmoja anaogopa kuachwa mpaka anajikata mikono. Mwingine hajali haki ya mwenzake wala hajutii.

Hilo la kutojali haki ya mwenzake kitaalamu halitamkwi kabla ya mtu kufika 18, na ni lazima dalili ziwe zilianza kabla ya 15. Mtoto wa miaka 15 hana cheti hicho. Anayempa ni jirani.

#12 Mwanafunzi wa Saikolojia
Muuguzi, lakini si kweli kwamba magereza yamejaa watu hao? Seena Fazel na John Danesh mwaka 2002 walikusanya tafiti 62 kutoka nchi 12, na wafungwa wanaume 47 kwa mia walikuwa na hilo tatizo la haiba la kukiuka haki za wenzao.

#13 Muuguzi wa Zamu
Ni kweli, na nyingi ya nchi hizo ni za Magharibi. Lakini itazame orodha ya dalili zenyewe: kuvunja sheria mara kwa mara, kudanganya, kupigana. Ukimpima mfungwa kwa orodha ambayo nusu yake ni makosa yake, utashangaa akipata? Ndiyo maana Robert Hare wa Kanada alitunga kipimo kingine cha vipengele 20, kinachotazama pia ubaridi wa moyo, kukosa majuto, kutumia watu. Mwisho wake ni alama 40, na kule Amerika ya Kaskazini huitwa saikopathi anayefika 30. Hao ni wachache zaidi hata gerezani.

Mtoto anayeficha chapati chini ya mto si baridi. Huyo anaogopa kesho.

#14 Askari Mstaafu
Nimekuwa askari jela miaka 27. Sitataja kituo. Nitasema nilichokiona.

Alikuja kijana mmoja, mwembamba, kesi ya unyang'anyi. Kila nikipita na funguo kufungua asubuhi, namkuta chini ya kitanda. Wenzangu wakamcheka, wakasema anaigiza. Mimi nikaanza kuzishika funguo kwa kitambaa zisilie. Wiki ya tatu nikamkuta amekaa juu ya kitanda. Mwezi wa pili akaniambia babake alikuwa na fungu la funguo, na akilisikia mlangoni anajua amelewa au hakulewa kwa namna linavyolia.

Huyo alitoka, ana karakana ya milango Changamwe. Mwenzake wa kitanda cha pili, maisha yale yale, kipigo kile kile, alirudi mara tatu. Tofauti niliyoiona mimi si jeni wala masomo. Wa kwanza alitembelewa. Nyanyake alikuwa akija na feri kutoka Likoni kila mwezi na kikapu. Wa pili hakuna aliyewahi kuandikwa jina kwenye daftari la wageni.

#15 Bint Majengo
Askari, umeniliza saa hizi niko kwenye tuktuk.

#16 Kijana wa Bandarini
Mzee wangu, heshima yako. Lakini pengine wa kwanza alitembelewa kwa sababu alikuwa mtu wa kupendeka, na wa pili aliwachosha watu wake. Kipi kilitangulia?

#17 Askari Mstaafu
Swali la haki hilo kijana. Sijui kukujibu.

#18 Maalim wa Tudor
Assalaam alaykum. Yapo pia mambo ya ghaibu ambayo vitabu vya Marekani havitayaandika. Nimeletewa watoto wakali, nimewasomea, wakatulia. Kisomo ni tiba, na mzazi asikiache.

Lakini niseme na jingine, na Nahodha anisamehe kama ni mimi niliyemchapa. Nimesomesha chuo miaka zaidi ya 30. Kuna mtoto nilikuwa nikimchapa kwa kusinzia. Kila siku baada ya alasiri anasinzia juu ya msahafu, namchapa nyayo. Baadaye jirani yao akaniambia nyumbani kwao usiku hakulaliki. Mtoto alikuwa akilala kwangu kwa sababu kwangu ndiko kulikokuwa na amani, nami nikimuamsha kwa fimbo. Samaki mkunje angali mbichi, nimeisema mara elfu. Kukunja si kuvunja.

#19 Nahodha wa Kibokoni
Wa alaykum salaam maalim wangu. Si wewe, wako alikuwa mrefu. Nimekusikia.

#20 Makuti
Ndiyo maana Katiba ya 2010 ikapiga marufuku viboko shuleni.

#21 Bint Majengo
Makuti, shuleni vilikatazwa mapema zaidi, 2001. Katiba ya 2010 ikampa kila mtu haki ya kutochapwa, na sheria ya elimu ya 2013 ikarudia marufuku ya shuleni, na adhabu kwa anayechapa. Sheria tunazo tele.

#22 Makuti
Ahsante. Na bado mtoto wa miaka 8 anaweza kushtakiwa!

#23 Bint Majengo
Siyo tena. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha mpaka 12.

#24 Shangazi wa Likoni
Mmeacha swali la pili la mwenye uzi. Tiba inafanya kazi au haifanyi? Mimi nimelea wanne wasio wangu, na nitasema wazi, tiba ni kiwanja. Zamani watoto walikuwa na pa kukimbia mpaka magharibi. Sasa kila uwazi una ukuta, na kijana anabaki maskani na wakubwa wanaomtuma.

#25 Mwanafunzi wa Saikolojia
Shangazi, tiba iko inayofaa na inayoharibu, na hili watu hawalisemi.

Inayoharibu: Oak Ridge, hospitali ya ulinzi huko Penetanguishene, Ontario. Miaka ya 1960 na 70 wagonjwa waliofanya makosa walikalishwa kutibiana wenyewe kwa wenyewe, saa nyingi bila kupumzika, wengine wakipewa hata LSD, dawa ya kuleta njozi. Tathmini ya 1992 ilikuta kwamba waliokuwa na alama za juu za kipimo cha Hare walirudia ukatili zaidi kuliko wenzao waliofungwa gerezani tu. Wasiokuwa na alama hizo walirudia kwa uchache kuliko wa gerezani. Dawa moja, watu wawili, matokeo mawili. Uingereza nako, mpango mkubwa wa magereza kwa waliofanya makosa ya kingono uliachwa 2017. Tathmini ilikuta waliopitia mpango walirudia makosa hayo 10 kwa mia, na wasiopitia 8.

#26 Kijana wa Bandarini
Si nilisema?

#27 Mwanafunzi wa Saikolojia
Ngoja. Uholanzi, wanaume 103 wenye matatizo ya haiba, waliofanya ukatili, hospitali nane za ulinzi. Kwa kura, nusu walipewa tiba inayorudi utotoni taratibu, kumtafuta yule mtoto aliyeumizwa, kwa miaka mitatu. Nusu wakaendelea na tiba ya kawaida. David Bernstein na wenzake wametoa matokeo 2021: makundi yote mawili yalipata nafuu, na la kwanza likaipata haraka zaidi. Wakiwemo waliosemwa hawatibiki.

#28 Askari Mstaafu
Miaka mitatu na daktari wa mtu mmoja mmoja. Mimi nimeona chumba cha vijana wengi na mshauri mmoja anayekuja Alhamisi, gari likiwepo.

#29 Muuguzi wa Zamu
Askari kasema ukweli mchungu. Ndiyo maana mimi hutaja Monrovia, Liberia. Christopher Blattman na wenzake walichukua wanaume 999 waliokuwa wakiiba na kupigana mitaani, wakawagawa kwa kura. Wengine wakapata wiki nane za mafunzo ya kuzuia hasira na kujiona upya, wengine dola 200 za Marekani, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Waliowafunza hawakuwa madaktari. Baadhi yao walitoka maisha yale yale. Na mazoezi yenyewe ni ya kawaida: nyoa nywele, vaa safi, ingia benki uulize, halafu rudi utueleze ulitazamwaje.

Mafunzo peke yake yalififia ndani ya mwaka. Pesa peke yake nazo zikapita. Waliopata vyote viwili, baada ya miaka kumi wizi na ukatili wao ulikuwa umepungua kwa takriban nusu.

#30 Kovu la Bega
Dola 200 kwa aliyenikata. Hebu nisomeeni tena polepole.

Nilikaa miezi minne bila kazi. Nilikopa kwa muuza duka. Angetokea mtu na dola 200 mlangoni kwangu ningembusu mikono.

Nimeuzima mshumaa nikarudi tena, siwezi kulala. Kama ni kweli kwamba nusu ya mapanga yangelala kwa pesa hizo na wiki nane, basi mwingine asingekatwa. Naelewa. Lakini msinitake nifurahi.

#31 Muuguzi wa Zamu
Hatukutaki ufurahi. Na lile la pikipiki na magoti, hilo lina jina na lina tiba, hata baada ya miaka. Nitakuandikia pembeni.

#32 Kovu la Bega
Andika.

#33 Nahodha wa Kibokoni
Mwana wa Mtopanga umenyamaza. Ijumaa ndiyo kesho kutwa. Umeamuaje?

#34 Mwana wa Mtopanga
Nilikwenda kumuona jana. Amekuwa mrefu kuniliko. Nilimpelekea chapati sita na maharagwe ya nazi. Amekula nne, mikono yote miwili juu ya meza. Mbili akazifunga kwenye karatasi, akatia mfukoni, akaona nimeona. Safari hii nikamuuliza. Akasema, "Ni za mwenzangu, hana anayekuja." Sijui kama ni kweli. Nimetaka kuamini.

Ami hatakuja nyumbani, ameshasema. Halati ametoa godoro. Probesheni wamenipa siku ya kuonana nao.

Wakati wa kuagana akaniuliza kitu kimoja. Kama atapata ufunguo wake.

#35 Shangazi wa Likoni
Mpe!

#36 Kijana wa Bandarini
Na wenzake wa zamani wakimjia usiku? Una watoto wadogo ndani. Sisemi asipewe. Nauliza.

#37 Mwana wa Mtopanga
Ndilo ninalolifikiria tangu jana. Mke wangu anasema wa chumba apewe, wa mlango mkubwa tungoje. Lakini aliyekuwa akifungiwa ni mlango mkubwa.

#38 Askari Mstaafu
Chonga zote mbili. Ya pili kaa nayo wewe, na yeye ajue iko na ni yake. Ukimpa, mpe mbele ya watu wa nyumbani.

#39 Nahodha wa Kibokoni
Kuna fundi wa funguo pale Kongowea, karibu na wauza viazi. Nenda asubuhi, mchana huwa hayupo.